Singe ya Babu: Chuma Kinavyotoa Ushahidi

Si jambo la ajabu, katika nyumba ya zamani kusini mwa Mto Rufiji, kukuta kisu kirefu kimechomekwa baina ya boriti na makuti, au kimelazwa chini ya sanduku la nguo. Mpini wake umekatika upande mmoja, bapa limeshika kutu, na makali yamekwisha kwa kufyeka nyasi na kukata kuni. Wenye nyumba wakiulizwa hujibu kwa ufupi kwamba hicho ni kisu cha babu, alikuja nacho kutoka vitani. Vita gani? Hapo majibu huanza kutofautiana. Mmoja husema ni vita vya Wajerumani. Wa pili husema babu alikipata katika manowari iliyozama deltani. Wa tatu hukumbuka kwamba babu alikwenda Burma.

Swali hilo si dogo. Wengi katika watu waliokwenda vitani kutoka sehemu hizo, na hasa waliochukuliwa kubeba mizigo ya majeshi, hawakuacha barua, picha wala kitabu cha kumbukumbu. Kipande hicho cha chuma huenda kikawa hati pekee waliyoacha. Nayo ni hati inayofutika upesi: kijana mmoja mwenye msasa na nia njema aweza kuondoa kwa nusu saa maandishi yaliyodumu miaka 100.

Vita vilivyopita Mohoro

Kabla ya kukitazama kisu chenyewe, yafaa kukumbuka ni silaha za namna gani zilizopata kufika katika nchi hiyo. Mohoro palikuwa na boma la Wajerumani, na hapo ndipo Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliponyongwa tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya Vita vya Maji Maji kuanza katika vilima vya Matumbi. Askari wa Kijerumani wa wakati huo walichukua bunduki za Mauser za mfano wa 1871, ambazo baruti yake ilitoa moshi mzito kila risasi ilipofyatuliwa. Ilipofika 1914 jeshi hilo, lililoitwa Schutztruppe, lilikuwa na kombania 14, na nyingi kati yake bado zilitumia bunduki zilezile za zamani. Kwa hiyo singe ya bunduki hiyo ikionekana Mohoro, umri wake peke yake hauwezi kuamua kama ni ya Maji Maji au ya Vita Kuu ya Kwanza.

Kisha ikaja manowari. Tarehe 20 Septemba 1914 meli ya Kijerumani Königsberg, chini ya nahodha Max Looff, iliishambulia na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja, halafu ikarudi kujificha ndani ya mikono ya Mto Rufiji. Mabaharia waliifunika kwa matawi ili ifanane na mikoko iliyoizunguka. Mitambo yake ilikuwa imeharibika, na vipande vya matanuri ya mvuke vilibidi kuburutwa kwa nguvu za watu hadi karakana za Dar es Salaam, kisha kurudishwa deltani kwa njia ileile. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba 1914, lakini meli zao kubwa hazikuweza kuingia katika maji yale mafupi. Hatimaye manowari mbili zenye kina kifupi, Severn na Mersey, zikisaidiwa na ndege zilizoelekeza mizinga kutoka angani, ziliishambulia tarehe 6 na tarehe 11 Julai 1915. Siku hiyo ya pili Wajerumani waliilipua wenyewe. Mizinga yake 10 iliopolewa, ikatiwa magurudumu, na kuendelea kupigana nchi kavu. Mmoja unaonekana Fort Jesus, Mombasa, na mwingine Pretoria.

Habari hiyo ni kubwa, na ukubwa wake ndio unaoleta tabu. Kila chuma cha zamani kinachopatikana deltani huelekea kubandikwa jina la manowari hiyo. Lakini mabaharia wake walikuwa mia tatu na ushee tu, ilhali majeshi yaliyofika katika bonde la Rufiji na vilima vya Matumbi baadaye yalikuwa na watu maelfu kwa maelfu. Mnamo Desemba 1916 palikuwa na mapigano makali huko Kibata, ambako walikuwapo askari wa Gold Coast, Wahindi na askari wa King's African Rifles, yaani KAR. Tarehe 4 Januari 1917 mwindaji mashuhuri Frederick Selous aliuawa huko Behobeho. Baadaye askari wa Nigeria walikaa kando ya Rufiji katika masika ya 1917, mto ukiwa umefurika na chakula kikiwa haba. Kila jeshi lilikuwa na singe zake, na kila jeshi liliacha wafu, wagonjwa na vitu vilivyotupwa njiani. Mtu akiokota singe Mohoro bila kujua lolote zaidi, uwezekano wa kuwa ilitoka kwa jeshi la nchi kavu ni mkubwa mara nyingi kuliko ule wa kutoka melini.

Vita vya tatu havikupigwa Rufiji, bali vijana walivifuata mbali. Katika Vita Kuu ya Pili askari wa Tanganyika walipigana na Waitalia huko Ethiopia mwaka 1941, na baadhi yao walikwenda Burma kupigana na Wajapani katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki mwaka 1944. Singe ya Kiitalia au ya Kijapani ikikutwa katika sanduku la Mohoro, haina njia nyingine ya kufika huko ila kwa mkono wa msafiri.

Umbo kwanza, maandishi baadaye

Jambo la kwanza ni kutambua kama chombo kile ni kisu tu au ni singe, yaani kisu kilichotengenezwa kufungwa kwenye mdomo wa bunduki. Singe huwa na alama mbili zisizofichika. Nyuma ya mpini pana mfereji na kitufe chenye springi, na mbele, kwenye kikingio cha mkono, aghalabu pana pete ya kupitishia mdomo wa bunduki. Singe za bunduki ya Mauser ya 1898 hazina pete kamili, kwa kuwa hushikwa na mfereji mrefu wa mpini peke yake. Hata pete ikiwa imekatwa ili chombo kitumike jikoni, mfereji ule hubaki.

Jambo la pili ni kupima. Rula ya mwanafunzi yatosha. Singe ya Kiingereza ya mfano wa 1907, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi katika majeshi ya Kiingereza, ina bapa la sentimita 43 hivi lenye makali upande mmoja. Ile iliyoitangulia, ya mfano wa 1888, ina bapa la sentimita 30 lenye makali pande zote mbili. Singe ndefu ya Kijerumani ya mfano wa 1871 ina bapa la sentimita 47 na mpini wa shaba ya manjano; ile fupi iliyoitwa 71/84 ina bapa la sentimita 25 na mpini wa vibao. Ya Kijerumani ya 98/05 hutambulika kwa mbali, maana bapa lake la sentimita 37 huzidi upana kuelekea ncha, kama kisu cha mchinjaji. Ya Kijapani ina bapa la sentimita 40, na nyingi zina ndoana kwenye kikingio.

Vipimo hivyo huharibiwa na matumizi. Bapa lililonolewa kwa miaka 60 hupungua upana, na ncha iliyovunjika huchongwa upya, hivyo singe ya sentimita 43 yaweza kukutwa na sentimita 30. Hata hivyo pana sehemu moja ambayo mnoaji haifikii: zile sentimita chache zilizo karibu na kikingio, ambako bapa ni nene na halina makali. Hapo ndipo viwanda vilipopiga mihuri yao, na hapo ndipo pa kutazamia.

Kutazama huko kuna ustadi wake. Jua la mchana linalomulika moja kwa moja halifai, kwa sababu huondoa vivuli. Chumba kitiwe giza, na tochi iwekwe kando kabisa, mwanga wake ukikwangua uso wa chuma. Hapo kila shimo hutupa kivuli na herufi hujitokeza. Kisha karatasi nyembamba hulazwa juu yake na kusuguliwa polepole kwa penseli laini, kama watoto wanavyochora sarafu. Picha ipigwe pande zote mbili, rula ikiwa imelazwa kando ya bapa.

Mtego wa mwaka 1907

Katika singe ya Kiingereza upande mmoja wa bapa huonyesha taji, herufi za mfalme, tarakimu 1907, na chini yake mwezi na mwaka kwa ufupi, pamoja na jina la kiwanda kama Wilkinson, Sanderson au Chapman. Wengi huiona ile 1907 wakafurahi kwamba wamekwisha jua umri wa kisu. La, hasha. Hiyo 1907 ni mwaka ambao mfano ulikubaliwa na jeshi. Tarehe ya kutengenezwa ni ile ndogo iliyo chini, ambayo kutu huila kwanza. Upande wa pili pana mshale wenye mabawa mawili, alama ya mali ya serikali ya Kiingereza, na herufi X ambayo si jina la mtu. X huonyesha kwamba bapa lilikwisha kupindwa kwa makusudi na kunyooka tena bila kuvunjika. Mishale miwili iliyoelekeana ncha kwa ncha ina maana kwamba serikali ilikwisha kukiuza chombo hicho, kwa hiyo mwenye nacho huenda alikinunua tu sokoni.

Umbo nalo hutoa tarehe. Singe za mwanzo za mfano huo zilikuwa na ndoana kwenye kikingio, ambayo iliachwa mwaka 1913. Na kuanzia 1916 tundu dogo lilitobolewa kwenye kitako cha mpini ili uchafu utoke. Singe za zamani zilizorudishwa karakana zilikatwa ndoana na kutobolewa tundu hilo, kwa hiyo alama hizo zisomwe pamoja na tarehe, si badala yake. Katika singe za Kijerumani muhuri wa mwaka hutafutwa juu ya mgongo wa bapa: taji, herufi W ya Kaisari Wilhelm, na tarakimu mbili za mwaka. Jina la kiwanda, mara nyingi cha Solingen au Suhl, huwa ubavuni. Baadhi ya vifaa vya Schutztruppe vilipigwa pia herufi K.S.

Ichukuliwe, kwa mfano, familia inayosimulia kwamba singe yao ilitoka katika Königsberg, na mwanafunzi akaona chini ya ile 1907 alama 10 '17, yaani Oktoba 1917. Manowari ilikuwa imekwisha kulala matopeni miaka miwili na zaidi. Kadhalika mapigano ya Rufiji yalikuwa yamekwisha, na mwezi uliofuata Wajerumani walivuka Mto Ruvuma na kuingia Msumbiji. Basi singe hiyo haiwezi kuwa ya melini. Lakini je, ni lazima iwe ya 1917 au 1918? Sivyo. Singe za namna hiyo ziliwekwa katika bohari na kutolewa tena kwa askari wa vita vya pili. Tarehe ya kiwandani ni mpaka wa upande mmoja tu: hueleza kwamba kisu hakikuwapo kabla ya siku ile, wala haielezi kilifika lini mkononi mwa babu.

Wala aina ya silaha haiamui ni upande gani mtu alipigania. Wajerumani, waliokuwa wamezingirwa, walitumia chochote walichokiteka. Huko Ngomano, tarehe 25 Novemba 1917, waliwashinda Wareno na kuchukua bunduki na risasi zao nyingi, wakaziacha zile za zamani. Mjukuu asikimbilie kusema kwamba babu alikuwa askari wa Mwingereza kwa kuwa ameona taji la Mwingereza.

Mfuo si wa damu

Wanafunzi wengi wameambiwa kwamba mfuo mrefu ulio ubavuni mwa bapa ni njia ya kupitishia damu. Maelezo hayo yanatisha vizuri, lakini si kweli. Reli ya gari moshi ni nyembamba katikati na nene juu na chini, kwa sababu chuma kilicho katikati husaidia kidogo sana katika kuzuia kupindika. Fundi wa singe anafanya vivyo hivyo: huondoa chuma pale kisipohitajika, bapa likawa jepesi na bado gumu. Askari aliyetembea kutoka Kilwa hadi Rufiji alijua thamani ya kila gramu iliyopunguzwa.

Mwalimu wa fizikia aweza pia kufikiria kupima mpini kwa kanuni ya Archimedes ili kujua kama ni shaba au feleji. Asithubutu, kukitosa chombo cha kutu majini ni kukiongezea maradhi. Sumaku ndogo yatosha, kwa kuwa feleji huivuta na shaba ya manjano haiivuti.

Kutu na magome ya mikoko

Kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni na maji. Katika delta pana adui wa tatu, nayo ni chumvi. Kloraidi iliyomo katika maji ya bahari na katika upepo wake hupenya chini ya kutu na kuufanya ulaji uendelee hata chombo kikiwa ndani ya nyumba. Siku za unyevu huonekana vitone vidogo vya rangi ya manjano juu ya chuma, kana kwamba kinatoka jasho. Chombo kama hicho chahitaji mtaalamu wa makumbusho, ambaye huiondoa chumvi kwa kukilowesha katika maji yenye alkali kwa muda mrefu.

Kutu pia huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Ndiyo sababu huvimba na kubanduka kama maganda. Mara nyingi umbo la herufi limebaki ndani ya ganda lenyewe. Anayelikwangua hulitupa pamoja na herufi. Hata hivyo, pale muhuri ulipopigwa kwa nguvu, chembe za chuma zilizo chini yake zilibanwa zaidi ya jirani zake, na tofauti hiyo hubaki baada ya herufi kusuguliwa. Wachunguzi wa makosa ya jinai huitumia kwa kupaka asidi maalumu na kusoma namba zilizofutwa za bunduki na magari. Kazi hiyo ni ya maabara. Asidi ikitumiwa nyumbani humaliza hata kile kilichosalia.

Rufiji ina dawa yake ya kutu, ingawa haikuvunwa kwa kazi hiyo. Magome ya mikoko, mikoko ileile iliyoificha manowari, yana tanini nyingi, na wakati wa Wajerumani yalisafirishwa ng'ambo kwa kutengenezea ngozi. Tanini ikikutana na kutu hufanya kiwanja cha rangi nyeusi yenye buluu, kigumu kuyeyuka majini, na wahifadhi wa makumbusho hutumia tanini safi kwa njia hiyo kufunika chuma. Darasa laweza kuchemsha magome, kuyachuja, na kupaka maji yake juu ya msumari wenye kutu, ukilinganishwa na msumari mwingine usiopakwa. Msumari, si singe: rangi nyeusi haiondoi chumvi iliyo chini, na hufunika alama ambazo bado hazijasomwa.

Nyumbani yatosha kukifuta kisu kwa kitambaa kikavu na kukipaka mafuta ya mashine kidogo sana. Mafuta ya nazi yasitumike, kwani yakichacha hutoa asidi. Ala ya ngozi ihifadhiwe kando, bila ya bapa ndani yake, maana ngozi hushika unyevu. Na ikiwa pamoja na kisu panapatikana risasi au kombora, visiguswe kabisa, bali polisi waarifiwe.

Ushahidi wa wazee

Masimulizi ya nyumbani yaandikwe kabla wazee hawajaambiwa chuma kimesema nini. Shahidi aliyekwisha kusikia hukumu huisogeza kumbukumbu yake bila kukusudia. Maswali mazuri ni yale yasiyotaja kisu. Babu alivaa nini kichwani? Mkubwa wake alimwita kwa cheo gani? Maneno ombasha, shaushi na betshaushi yalikuwa vyeo vya askari wa Wajerumani, ingawa vikosi vya Waingereza vilivyokuwa na Wasudani navyo vilitumia yanayofanana nayo. Koplo na sajini huelekeza zaidi upande wa Waingereza. Alilipwa rupia au shilingi? Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1921. Alirudi kabla au baada ya ile homa kubwa ya 1918?

Huenda jibu likawa kwamba babu hakuwa askari hata kidogo. Wapagazi walikuwa wengi mara nyingi kuliko askari. Kwa upande wa Waingereza peke yao hesabu rasmi ya wapagazi waliokufa ilizidi 40,000, wengi wao kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya kikosi chao. Katika Mnara wa Askari uliozinduliwa mjini humo mwaka 1927, singe iko mbele ya bunduki ya askari wa shaba. Mpagazi hakupewa singe. Alipewa mzigo, na pengine panga la kufyekea njia.

Kwa hiyo mwanafunzi anayekuta, badala ya singe, panga la kawaida lililopinda, lisilo na mfereji wala pete, asilirudishe darini haraka. Na alitazame kwa tochi karibu na mpini, pande zote mbili. Mshale ule wenye mabawa mawili hupigwa juu ya mapanga pia, nyakati nyingine pamoja na mwaka.